Nafula, mlinzi wa geti aliyeifundisha kompyuta kuuliza kwanza

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Jumapili, Abu Hamour. Hapa Doha Jumapili ndiyo Jumatatu ya kwetu. Watu wamepumzika Ijumaa na Jumamosi, wanarudi kazini macho yamevimba, na nusu yao wamesahau nywila zao.

Nafula Barasa, 33, ameketi katika chumba kilichokuwa stoo ya mapazia, kwenye kampuni inayofulia hoteli mashuka na taulo. Ana chai ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki, kwenye kikombe cha karatasi na karatasi ya namba iliyoletwa kutoka mlangoni. Ni namba za wafanyakazi thelathini na saba waliokataliwa na mashine ya kujiandikisha kazini.

Anaziingiza, anakagua mara mbili, kisha anabonyeza kitufe kimoja. Mistari myeupe inateremka kwenye kioo cheusi. Kabla sijamaliza kuuliza ni nini kile, simu zinaanza kulia nje mlangoni, moja baada ya nyingine. Kila mtu anapokea nywila yake mpya.

"Umesikia hiyo milio?" ananiuliza akicheka. "Inanifurahisha kuliko kwaya ya kanisa letu, Mungu anisamehe."

Anacheka, lakini leo si siku ya kucheka tu. Miezi sita ya majaribio inaisha leo, na saa nne meneja wake atamwambia neno moja kati ya mawili. Akifaulu, atakuwa msimamizi msaidizi wa mifumo ya kompyuta. Asipofaulu, anarudi getini kusimama juani na kitabu chake. Sare ya ulinzi bado imo kabatini, kwa sababu aliambiwa asiirudishe mpaka ijulikane.

"Jana nimeipiga pasi," anasema. "Usiniulize kwa nini, hata mimi sijui."

Nafula alitoka Chwele, Bungoma, zaidi ya miaka miwili iliyopita. Alimwacha bintiye Cheryl, aliyekuwa na miaka sita, mikononi mwa mama yake. Nyumbani alikuwa na kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu. Hapa alipewa sare, kiti cha plastiki na geti. Zamu ilikuwa ya saa kumi na mbili kwa siku, kwa riyali 1,600 kwa mwezi. Wenzake wengi hawamwiti Nafula. Ni Mama Cheryl.

Geti ndilo lililomfungua macho. Kila Jumapili foleni ya waliokataliwa na mashine ilianzia mlangoni, ikapita kwenye kiti chake, ikafika barabarani. Asiyejiandikisha huhesabiwa hakuja kazini. Na ndani kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuwasaidia, Bwana Shibu kutoka Kerala, India, akibadilisha nywila moja moja, akifuta jasho.

Siku moja akaletewa chai na mlinzi wa geti, na mlinzi akamuuliza: "Bosi, mbona unafanya kitu kilekile mara arobaini?"

"Nilikasirika sana," Bwana Shibu ananiambia. "Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Nilikuwa najua dawa yake, ila sikuwahi kupata nafasi ya kuitengeneza."

Dawa yenyewe inaitwa PowerShell. Imo ndani ya kompyuta za Windows, hainunuliwi. Unaiandikia amri zako kwa mpangilio, unazihifadhi, na hiyo ndiyo skripti. Ukiiita, inafanya kazi yote kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuchoka wala kununa. Bwana Shibu alimwandikia jina hilo kwenye kipande cha karatasi akamwambia ajifunze, halafu aje amsaidie.

"Alidhani ananitania," asema Nafula. "Alikuwa hanijui."

Kompyuta hakuwa nayo. Alitazama masomo kwenye simu ndani ya basi la kampuni, kutoka Al Mansoura anakoishi hadi Abu Hamour, na akiwa getini alinakili amri kwa kalamu kwenye daftari la kurasa mia mbili. Ndiyo, kwa kalamu. Skripti nzima, mabano na vistari vyake, na ile alama ya dola ambayo PowerShell huweka mbele ya kila jina la kitu unachotaka ikikumbuke.

Zile dola nusura zimponze. Hassani Mbaruku, mlinzi mwenzake kutoka Tanga, alilifungua lile daftari akitafuta karatasi ya kufungia karanga.

"Bwana wee, nikakuta dola kila mstari!" anasimulia Hassani, na mpaka leo haoni haya. "Nikajua dada yangu kaingia kwenye mambo ya kuzalisha pesa. Nikamwita pembeni nikamwambia, dada Nafula, hiyo biashara ina mwisho mbaya. Halafu nikamuuliza, kiingilio shilingi ngapi?"

Baadaye alinunua kompyuta kuukuu kwa Msirilanka aliyekuwa anarudi kwao. Kitufe cha herufi E kilikuwa kimeng'oka, kwa hiyo kila ikija E alidunga kwa ncha ya kalamu. Nilimuuliza kama hakuchoka. Akaniangalia kama niliyeuliza kama maji yanalowesha.

Baada ya miezi tisa alimpelekea Bwana Shibu skripti ya nywila, ileile ninayoiona ikifanya kazi leo. Foleni ya Jumapili ikayeyuka. Januari akatolewa getini kwa majaribio, na kwa ajili hiyo likizo yake iliyokuwa ifike Aprili ikaahirishwa. Huku Ghuba mfanyakazi wa aina yake husubiri miaka miwili, kisha hupewa miezi miwili ya kwenda kwao. Alikubali. Cheryl alilia kwenye simu, na mama yake Nafula akaichukua simu akasema mtoto ana mafua tu.

Sasa nifike kwenye ile Alhamisi ya Machi, ambayo Nafula mwenyewe ndiye aliyesisitiza niiandike.

Bwana Shibu alimpa kazi ya kufunga akaunti za watu walioacha kazi, maana akaunti iliyosahaulika ni mlango wa mwizi. Nafula akaandika skripti: yeyote ambaye hajaingia kwenye akaunti yake kwa siku arobaini na tano, mfungie. PowerShell ina neno moja la hekima, WhatIf. Ukiliweka mwisho wa amri, kompyuta haigusi kitu. Inakuonyesha tu ingefanya nini kama ungeiruhusu.

Akaliweka. Yakatoka majina sitini na moja. Akasoma ishirini ya kwanza, wote watu aliowajua, wote walikwisha kwenda zao kabisa. Nje basi likaanza kupiga honi. Ilikuwa Alhamisi jioni, wiki imekwisha, na watu wa basini hawana subira. Akalifuta lile neno, akairuhusu skripti, akakimbilia basi.

Jumapili yake asubuhi Japheth Kiptanui, dereva, akasimama mbele ya mashine. Alikuwa ametua siku moja kabla akitokea Eldoret, likizoni.

"Nikaweka namba, ikakataa. Nikaweka tena, ikasema sijulikani," Japheth anakumbuka. "Sijulikani! Miaka sita naendesha basi lao, na bado nilikuwa nimebeba mursik, maziwa yetu ya kibuyu, kwa begi."

Msomaji ameshaona kosa. Likizo ni siku sitini, na skripti ilihesabu arobaini na tano. Watu ishirini na watatu kati ya wale sitini na mmoja hawakuwa wameacha kazi. Walikuwa kwao, wamekaa na watoto wao. Na kwa utaratibu wa kampuni hiyo, anayetoka likizo asipojiandikisha siku tatu mfululizo huandikwa kuwa ametoroka. Muulize mtu yeyote wa kwetu anayeishi hapa, neno hilo, linaloweza kumfanya mtu akamatwe na kurudishwa kwao, linatisha kuliko ugonjwa.

"Mimi!" Nafula anajipiga kifuani, na macho yanalowa hata sasa. "Mimi ninayekata siku za likizo yangu kwa kalenda ya ukutani, ndiye nimesahau watu wa likizo. Getini singesahau. Getini walioenda likizo nilikuwa nawaandika kwa kalamu nyekundu, ndio mtu asije akapewa kitanda chao. Nimefika kwa kompyuta, nikajiona mkubwa, kalamu nyekundu nikaitupa."

Angeweza kunyamaza. Angewafungulia kimyakimya, Japheth angedhani mashine imeharibika, na maisha yangeendelea.

"Nilifikiria kunyamaza, sitakudanganya. Karibu dakika tano nzima. Nikaona nikinyamaza leo, nitakuwa mtu wa kunyamaza."

Akaenda kwa Bwana Shibu akamweleza yote.

"Nilimwita majina ambayo gazeti lako halitayachapa," Bwana Shibu anakiri. "Halafu nikamuuliza, ni akaunti zipi hasa? Nilitegemea aanze kulia. Akanifungulia faili."

Ndani ya faili kulikuwa na kila akaunti iliyofungwa, saa na dakika yake, na sababu. Hakuna aliyemwambia aiandike. Skripti yake ilikuwa inaandika kila ilichofanya, kwa sababu aliyeitunga alikaa karibu miaka miwili kwenye geti ambako huwezi kumpitisha mtu bila kumwandika kitabuni.

"Hiyo sikufundishwa na video," asema. "Ni mkono tu umezoea."

Akatenga wale ishirini na watatu. Akaliweka WhatIf. Safari hii akasoma majina yote kwa sauti, Bwana Shibu amesimama nyuma yake, mpaka jina la mwisho. Ndipo akaruhusu. Wote wakafunguliwa kwa mara moja. Japheth akajiandikisha saa moja na dakika kumi, na Nafula akaenda mwenyewe ofisi ya wafanyakazi kueleza kwamba kuchelewa kule si kwa Japheth, ni kwake.

"Alinipatia pole na sambusa mbili," asema Japheth. "Mimi nikampea mursik. Mama Cheryl akakunja uso, hawa watu wa Bungoma hawajui vitu vizuri."

Skripti ile sasa haifungi mtu kabla ya kutazama orodha ya walio likizo, na majina yao hutokea kwenye kioo kwa rangi nyekundu. Kila Ijumaa asubuhi, katika chumba cha kukodi juu ya duka la fundi cherehani pale Al Mansoura, Nafula anawafundisha watu kumi na mmoja, wengi walinzi. Sharti lake ni moja: hakuna kulifuta lile neno kabla ya kusoma orodha kwa sauti hadi mwisho. Hassani, yule wa dola, ndiye mkali kuliko wote. Akimwona mtu anaruka majina anampigia meza.

Saa nne kamili Nafula anaitwa. Mimi nabaki kwenye korido na chai yake iliyopoa.

Anatoka baada ya dakika chache. Hanitazami. Anaenda moja kwa moja kwenye kabati lake, anaitoa ile sare iliyopigwa pasi, anaikumbatia na kutoka nje. Nikamfuata bila kujua nitamwambia nini.

Getini Hassani akamwona na sare mkononi. Akainuka kwenye kiti. "Dada Nafula, usijali," akasema. "Tutakaa wote hapa hapa. Geti ni letu."

Nafula hakusimama. Akapita geti, akazunguka nyuma ya jengo, akaingia stoo ya sare, akaiweka ile nguo juu ya meza. Mtunza stoo akafungua kitabu kikubwa. Nafula akatazama saa ya ukutani, akaandika saa na dakika, namba yake, na mbele ya neno "imerudishwa" akatia sahihi.

Ndipo akageuka, machozi yanamtiririka na meno yote nje. "Nimepita!" akasema. "Nimepita, jamani. Nilishindwa kukwambia kule ndani, ningelia mbele ya bosi."

Hassani aliposikia alipiga filimbi ya ulinzi mpaka madereva wakatoka kuangalia moto uko wapi.

Amepewa pia likizo yake, kuanzia tarehe mosi Agosti. Kanisa lao kule Chwele lina kompyuta nne kuukuu lilizopewa na shule iliyonunua mpya, na mpango wake ni kufungua darasa la wiki sita, bure, kwa vijana na kwa yeyote aliyewahi kukaa getini. Akirudi Doha anataka kufanya mtihani wa cheti.

"Lakini wiki ya kwanza sifundishi mtu," asema. "Wiki ya kwanza ni ya Cheryl. Anataka nimsuke."

Kabla sijaondoka ananiita niangalie kitu. Ameisogeza tarehe ya skripti mbele hadi mwisho wa Septemba, kujaribu tu, na lile neno la WhatIf liko mahali pake. Anabonyeza. Majina ya walio likizo yanatokea kwa rangi nyekundu, yamepangwa kwa tarehe ya kuondoka, na Nafula anaanza kuyasoma kwa sauti kama kawaida yake, bila kuruka hata moja.

Anafika la mwisho. Anajisogeza karibu na kioo, kisha analisoma polepole.

"Nafula Barasa. Yuko likizo. Asifungiwe."