Nazi ya Bi Zuhura

Naona haya hata kuanza, lakini mpaka leo nikipita kichochoro kile cha Mji wa Kale wanawake wa pale huniuliza kama suruali imepona, kwa hiyo bora kisa chenyewe mkisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Nilikuwa mwanafunzi wa tiba kazi (ile ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa kuvaa, kula na kupika mwenyewe), mwaka wa mwisho, kichwa kimejaa maksi, nikapewa Bi Zuhura, ambaye kiharusi kilimlegeza mkono wa kushoto na ambaye alikuwa ameshawafukuza wanafunzi wawili. Msimamizi wangu, Mwalimu Katana, aliniambia, "Mkono ule usipofanyishwa kazi sasa utakakamaa. Na binti zake wameshamtoa jikoni." Basi nikaenda na mwalimu nyumbani kwa Bi Zuhura, na mkoba wangu wa vibanio vya nguo na vifungo vya rangi, nikavipanga mezani pale uani, nikamwambia avihamishe kimoja kimoja.

Akavitazama, akanitazama. "Mimi nimepika biriani za harusi miaka arubaini, leo wanipa vitu vya kuchezea?"

Hapo ndipo nilipopaswa kumwuliza anataka nini. Badala yake nikaona mbuzi pembeni (kile kigoda cha kukunia nazi, chenye ulimi wa chuma wenye meno), nikajitia ujuzi, nikasema kiko chini mno, ni hatari, aachane nacho.

"Kwani wewe wajua kukuna nazi?"

"Sana." (Uongo! Kwetu Buxton nazi ilikunwa kwa mashine pale Makadara, kazi yangu ilikuwa kubeba mfuko.)

"Haya, keti ukune."

Binti zake na majirani walikuwa wamejaa uani wakichambua mchele wa shughuli, wote wakaacha mchele. Nikaketi, nikakandamiza kwa nguvu zangu zote, nazi ikanichoropoka ikatua ndani ya sufuria la mchuzi, nami nikainuka kuikimbilia bila kukumbuka yale meno, yakanishika suruali, ikapasuka kuanzia gotini hadi pasipotajika. Jamani, kicheko! Mwalimu Katana mwenyewe aligeukia ukuta.

Nikarushiwa leso (kanga), nikajifunga kiunoni, nikashika njia ya mlango.

"Rudi, mwanangu," Bi Zuhura akaniita. " Hukandamizi, wazungusha. Ntakufunza."

Akaketi yeye, Mwalimu Katana akamshika mgongo. Akachukua nusu ya nazi kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto, uliolala mapajani tangu augue, akauinua akauweka upande wa pili. Ukateleza. Akaurudisha. Nazi iliyokunwa ikaanza kuanguka, kidogo kidogo, na uani hakuna aliyecheka tena. Binti yake mkubwa akasogeza sinia, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, na nyingine hii hapa."

Nilirudi hospitali kwa miguu nimefunga leso yenye maandishi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wazima, na nilikuwa na furaha tele.

Siku hizi ninao wanafunzi wangu. Nawaambia wajifunze mifupa na mishipa, lakini kabla ya kufungua mkoba wamwulize mgonjwa mkono wake umekosa kazi gani, na wakiulizwa kama wajua kukuna nazi waseme hawajui. Mimi bado nafunzwa. Bi Zuhura asema nakandamiza.