Picha ya Wattaya iliyozimika

Saa moja asubuhi, Wadha Humaid anaweka kikombe cha chai ya maziwa kando ya kompyuta, ofisini kwake Al Khuwair, jijini Maskati, na kufungua ramani ya mabonde. Mvua imetabiriwa kesho. Ramani inajijenga kidogo kidogo: kwanza barabara, kisha mipaka ya viwanja, kisha mistari ya buluu ya njia za maji.

"Hapo hapana hata kimoja kilicho changu," anasema akicheka. "Barabara za watu, viwanja vya watu, hata mvua ya watu. Mimi nnapanga tu."

Mama huyu wa miaka arobaini na minane hutengeneza ramani za mtandaoni zinazotumiwa na vikosi vya kufunga barabara mabonde yanapojaa maji. Kila taarifa ni tabaka moja, na kila tabaka linakaa kwenye seva ya idara iliyolitengeneza. Wadha halinakili. Huipa programu yake anwani, nayo hulichukua huko huko kila mtu anapofungua ramani. Idara ikirekebisha barabara leo, kwake nako imerekebika.

"Uzuri wake ndio huo. Ubaya wake, mwenye chake akifunga mlango, wewe huna kitu."

Anasema hivyo kwa sababu yalimfika.

Kati ya matabaka hayo limo la picha za kale, zilizopigwa kutoka angani miaka ya sabini, kabla Maskati haijajaa lami. Aliliunganisha ili aone maji yalipita wapi kabla ya majumba. Siku moja akamwonyesha mama yake nyumbani, na tangu hapo picha zile zikawa na kazi ya pili.

Bi Mahfudha, mama yake, aliletwa kutoka Unguja akiwa mke mchanga. Yeye na mumewe walikaa Wattaya, mtaa wa Maskati, katika uchochoro wa nyumba fupi ambamo karibu kila familia ilikuwa imetoka Unguja au bara. Nyumba zilivunjwa, na leo pale pana maduka ya magari, vioo vitupu.

"Asubuhi unasikia Kiswahili kila dirisha," anakumbuka bibi huyo. "Huyu anaazima mbuzi ya nazi, huyu anamgombeza mwanawe, yule anaimba. Kiarabu tulikiacha sokoni."

Wadha mwenyewe aliuwahi uchochoro ule. Anakumbuka akitumwa na sahani ya vitumbua nyumba ya tatu, na sahani kurudi na kitu kingine, kwani sahani hairudishwi tupu.

Ikawa desturi. Kila Alhamisi baada ya Magharibi, Wadha huifungua ramani kwenye televisheni, na mama yake husogea karibu na kioo kuonyesha paa la fulani na kisima cha fulani.

Mwezi wa Machi mwaka jana, mahali pa picha pakawa peupe.

"Nlidhani mtandao," anasema Wadha. "Mama akaniangalia, akaniambia, 'Mwanangu, wamezivunja nyumba zetu mara ya pili.' Nlikwenda jikoni nikalia."

Aliandika barua pepe kwa idara yenye picha hizo, bila kujibiwa. Akaandika tena. Mwisho akaomba ruhusa kazini, akaenda mwenyewe, akipanda na kushuka ngazi hadi alipoelekezwa kwa fundi wa seva, Sleiman.

Jibu la Sleiman, kwa Kiarabu, lilikuwa fupi. Seva ni kongwe, imezimwa, na hakuna mtu anayeitumia.

Wakati huo simu ya Wadha ikalia. Alikuwa mama yake, akitaka kujua kama ameipata. "Bado, mama. Nnahangaika nao hapa," alimjibu kwa Kiswahili.

Sleiman aliinua kichwa. Wazazi wake walitoka Tabora.

"Dada, kumbe wewe ni mwenzetu!" alisema kwa Kiswahili. "Sasa mbona hukusema mapema? Sisi huku hatujui nani anachukua tabaka letu. Tungejua, tusingezima ovyo."

Lakini uamuzi haukuwa wake. Alimshauri arudi aonane na mkuu wa kitengo. Wadha alirudi na Bi Mahfudha.

Sleiman aliiwasha seva ile kwa muda. Bi Mahfudha akavaa miwani, akaomba kiti kisogezwe, akaanza: hapa tulipikia harusi, hapa maji yaliingia hadi magodoro yakaelea, huyu alihamia Seeb, huyu alirudi Unguja akafia huko. Wadha alikuwa akimfasiria mkuu yule kwa Kiarabu. Mahali fulani aliacha kufasiri, akawa anamsikiliza mama yake tu. Mkuu alimwambia asijali, amefahamu.

Picha zilihamishiwa seva mpya, Wadha akapewa anwani mpya. Hazikurudi zote. Mafaili ya upande wa Hamriya yalikuwa yameharibika, na Hamriya ndiko marehemu baba yake alikokuwa na duka la kushona. Kwenye ramani, mahali pale ni peupe hadi leo.

"Baba hakupenda kupigwa picha," anasema Wadha. "Lakini duka lake ningelipenda kuliona."

Tangu hapo ameanza kutengeneza tabaka lake mwenyewe: nukta juu ya kila paa la uchochoro, na jina la aliyekaa chini yake. Amelifungua kwa wote, na idara ya Sleiman imeliweka kwenye ramani yake.

Majina mengi bado hayajapatikana. Wadha anapanga kuwakusanya wazee wa Wattaya kwa chakula cha mchana Januari, jua likipoa, kila mmoja aonyeshe kwao. Wengine atawapigia simu Unguja.

Nukta ya kwanza alitaka kuiandika jina la mama yake. Bi Mahfudha alikataa.

"Mtieni jirani yetu Zakiya kwanza," alisema. "Siku niliyofika nlikuwa simjui mtu. Yeye ndiye aliyenifungulia mlango, na hakuacha mtoto wa kuja kusema kuwa hapa palikuwa kwao."