Kiti cha Mama Rehema

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta kiti changu kina joto. Ofisi ilikuwa imefunguliwa punde tu, na Mzee Saidi, tarishi wetu, aliufungua mlango mbele ya macho yangu. Hakuna aliyeingia kabla yetu. Nilikaa, nikainuka.

"Ukae tu, Mama Rehema," akasema shefu, mkuu wa ofisi, akiingia.

"Mi naitwa Hadija, shefu. Mutoto sina. Hata bwana sina."

"Posti hii ni ya Mama Rehema. Watu wa mikoani wamezoea. Wakisikia jina ingine watafikiri karatasi za dosiye zao zimepotea."

Nilikuwa nimetoka sekondari na kazi nilikuwa nimeitafuta mpaka viatu vikaisha. Nikakaa.

Niwaeleze kazi yenyewe, ninyi mnaoitafuta leo. Tulipanga watumishi wa serikali: nani aajiriwe, nani apelekwe mafunzo, nani anakaribia pensheni, nani atatukimbia na afanyiwe nini abaki. Kubwa kuliko yote ilikuwa relève, yaani kumtayarisha mtu wa kushika nafasi kabla mwenyewe hajaondoka. Muuguzi wa kijijini akistaafu bila relève, wagonjwa wanakuta mlango umefungwa. Kazi ni nzuri, sikatai. Na shefu aliijua kuliko wote. Alijisifu kwamba kwake hakuna kiti kilichowahi kupoa. Nilidhani ni maneno tu.

Siku moja nikamuuliza Mzee Saidi, "Mama Rehema wa kwanza alienda wapi?"

"Wa kwanza yupi? Mi nimewakuta wote ni Mama Rehema." Akacheka.

"Na Rehema mwenyewe?"

Akaacha kucheka. "Huyo hatujamuona bado."

Baadaye niliolewa. Asubuhi moja nikamkuta msichana wa mtaa wa Kinama, Goreti, ameketi kando ya meza yangu kwenye kiti cha plastiki. Stagiaire, mtu wa kujifunza kazi.

"Ni relève yako," akasema shefu.

"Mi siendi popote, shefu."

"Utaenda kuzaa."

Sikuwa nimemwambia mtu. Mume wangu hakujua. Mimi mwenyewe nilikuwa na shaka tu.

"Sisi ni watu wa kupanga," akasema, akatabasamu.

Goreti hakuandika chochote. Alinitazama. Haikupita muda akaanza kukohoa kama mimi, na kuchomeka kalamu kwenye nywele kama mimi.

Nikazaa msichana. Siku ya saba, watu wamejaa nyumbani kwetu mtaani Jabe kwa ajili ya kumpa mtoto jina, shefu akaingia na kofia ya sufu. Mbele ilikuwa imefumwa: Rehema.

"Huyu tumemungojea sana," akasema, akimwinamia mwanangu. Kisha akamgeukia mama mkwe. "Mukimuita Rehema, posti ni ya mama yake mpaka pensheni. Hatutatafuta mwingine tena."

Mama mkwe alinitazama. "Hadija, ni jina zuri. Na kazi ya serikali haiokotwi njiani."

"Basi wazae wao Rehema wao," nikasema, mbele ya wote. "Huyu ni Zuhura." Nikamrudishia kofia.

Heri angekasirika. Aliikunja vizuri, akaitia mfukoni. "Apana shida. Tutapanga."

Likizo ya uzazi ilipoisha nikarudi. Goreti alikuwa kwenye kiti changu. Dirishani alisimama mwalimu mmoja wa mkoani niliyemhudumia mara nyingi.

"Mama Rehema," akamuuliza Goreti, akinionyesha mimi, "yule ni nani?"

"Sijui," akajibu Goreti. Sauti ilikuwa yangu. "Labda anatafuta kazi."

Nikamvamia shefu ofisini kwake. Nikamwambia sheria iko wazi, mwanamke akitoka uzazini anarudi kwenye nafasi yake, na huu ni wizi.

"Nafasi ipi?" akauliza kwa upole kabisa. "Hapa hatujawahi kuwa na Hadija."

Mzee Saidi alikuwa mlangoni. Akatazama sakafu.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, meno ya mwanangu hayajaota. Hakuna hotuba, hakuna soda. Sasa nauza nguo za watoto sokoni Jabe, na hasira yangu haijapungua hata kidogo.

Wiki iliyopita Goreti alisimama mbele ya meza yangu, tumbo kubwa. Nilikuwa na matusi yake tayari. Akashika kofia moja ndogo, akairudisha.

"Kofia shefu ameshaleta," akasema. "Na stagiaire ameshaleta." Alisema kwa sauti yake mwenyewe, ile aliyokuja nayo kutoka Kinama. "Mama Zuhura, ulimukatalia namna gani?"

Ni mtu wa kwanza wa ofisi ile kuniita jina lililo langu. Matusi nikayaacha. Nikamwambia: mbele ya watu.

Na wewe uliyekaa leo kwenye kiti cha plastiki kando yake, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Taja jina lako siku ya kwanza, dirishani, watu wasikie. Siku watakapokuhamishia kile kiti kingine, kiguse kwanza. Kikiwa na joto, fanya kazi umesimama.