Saa Tatu za Nyuma

Marsiana alipomaliza chuo alirudi kwao Lipangalala, mjini Ifakara, akaanza kuandika programu ya kuwaonya wakulima wa Michenga mto unapojaa. Wazo lilikuwa la mamdogo wake, Restituta, aliyelima mpunga huko na mumewe, Viktor.

"Wewe umesoma haya mambo," Restituta alimwambia. "Maji yakipanda huko juu, sisi tunajulia miguuni."

Aliiandika kwa Java, lugha ya kompyuta aliyojifunza chuoni. Vipimo vya mto vingeingia usiku, na saa kumi na mbili alfajiri, watu hawajashuka mashambani, ujumbe ungetumwa kwenye simu zao. Kwenye laptop yake ulifika kwa wakati. Lakini umeme wa Ifakara haukawii kukatika, kwa hiyo aliifungasha programu yote katika faili moja la jar, akaipandisha kwenye seva ya kukodi iliyoko ng'ambo. Ilipowaka, alimpigia mamdogo wake, wakacheka kwa furaha.

Saa ya seva hakuiangalia. Ilikuwa nyuma ya saa ya Ifakara kwa saa tatu, na kwa kuwa mvua zilikuwa bado, hapakuwa na ujumbe wa kumshtua.

Masika yalipokolea, Restituta alishuka bondeni alfajiri kuamia ndege wasile mpunga. Viktor alibaki nyumbani na homa. Simu yake ilipolia saa tatu asubuhi, ikisema maji yanapanda, msishuke bondeni, vijana walikuwa tayari wanamtafuta mkewe kwenye matete. Walimtoa mchana, amekwisha kufa.

Baada ya mazishi Marsiana aliifungua programu. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja tu, wa kuiambia ifuate saa za Dar es Salaam. Akaifungasha upya, akaipandisha, kisha akaenda Michenga.

"Shikamoo, bamdogo."

"Marahaba, mwanangu."

Alimweleza yote, bila kujitetea. Viktor alisikiliza huku akiyatazama maji yaliyotuama juu ya mpunga.

"Kwa hiyo angebaki," alisema hatimaye.

"Ndiyo, bamdogo. Angebaki."

Viktor hakumkaripia. Aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Mwaka uliofuata ujumbe ulifika alfajiri, na watu wa Michenga wakamshukuru Marsiana kanisani. Viktor hakuwapo. Alikuwa amehamia Mchombe kwa binti yake, na kila Marsiana alipopiga, binti ndiye aliyepokea, akisema baba amelala.