Moto wa Juu

Sahani yenyewe ni ya bati, nyeupe, ina ukingo wa buluu na doa jeusi mahali rangi ilipobanduka. Nimehama nayo kutoka Nosy Be hadi Moroni, Moroni hadi Mombasa, Mombasa hadi Unguja. Njiani nimeacha vitanda, cherehani nzuri na mume mmoja. Sahani sikuiacha. Niliiiba jikoni kwa shangazi yangu, Mahajanga, siku mbili baada ya Krismasi, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Sababu nilikuwa nayo.

Tulikaa Andilana, kule juu kwenye ncha ya kisiwa cha Nosy Be, mwishoni mwa miaka ya sabini. Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha sukari, Mkatoliki wa kwenda kanisani mara mbili kwa mwaka. Mama alikuwa Mwislamu wa asili ya Ngazidja, Komoro, mzaliwa wa Mahajanga. Nyumbani tulifunga Ramadhani na tulisherehekea Noeli, na sikujua kama kuna watu wanaoona ajabu. Kila Desemba, jua likichoma asubuhi na mvua ikimwagika alasiri, tulikwenda Mahajanga, mji wa bandari kwenye kisiwa kikuu, kwa dada yake baba, mtaa wa Tsaramandroso. Shangazi ndiye aliyemlea baba baada ya mama yao kufa. Alimbeba mgongoni. Kwa hiyo lolote alilosema shangazi, jibu la baba lilikuwa moja: "Ndiyo, dada."

Miaka ile vitu vilikuwa vimeadimika nchi nzima. Unga wa ngano ulikuwa hadithi, mafuta yalipangiwa foleni, na Mahajanga sukari ilizungumzwa kama maiti, kwa sauti ya chini. Sisi tulikuwa nayo, kwa sababu ya baba. Tulisafiri kwa meli ndogo ya mizigo, mchana mzima na usiku mzima, tumelala juu ya magunia karibu na injini, nami nikitapika kwenye kopo la maziwa. Mama hakulala. Aliketi juu ya sanduku la sukari njia nzima, nazi kati ya miguu yake, maganda ya vanila yamefungwa kwenye pindo la leso. Tulipofika, shangazi alilisalimia sanduku kwanza.

"Karibu sukari!" alisema akiligonga kwa kiganja. Kisha akatugeukia. "Na nyinyi pia."

Baba alicheka. Mama naye alicheka, kama anavyocheka mtu aliye ugenini.

Lazima niseme jambo moja hapa. Miaka michache nyuma, katika Desemba kama hizo, Wangazidja waliuawa katika mitaa ya Mahajanga. Waliosalia walisafirishwa kwenda Komoro, na ndugu wote wa mama walikuwamo. Nyumba aliyozaliwa ilikuwa na watu wengine. Tulipokwenda mara ya kwanza baada ya hayo, shangazi alimshika mama mkono akampeleka jiko la nje, kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. "Wifi, kaa huku, wageni wasikuone. Ni kwa usalama wako." Mwaka ule huenda ilikuwa kweli. Mwaka ule namsamehe.

Lakini mwaka wa pili mama alikwenda sokoni mchana kweupe, wauza samaki wakamwita kwa furaha na kumuuliza alikokuwa. Wa tatu vilevile. Na shangazi kila Krismasi alimshika mkono uleule, akampeleka kibanda kilekile, kwa maneno yaleyale.

Humo ndimo mama alimookea. Bila unga wa ngano, nyumba nyingine zilikula wali na kuku basi, lakini kwetu mkate wa sikukuu haukuhitaji ngano. Ulikuwa mkate wa sinia, wa mchele, wa kwao mama. Aliroweka mchele usiku, asubuhi akautwanga na kuuchekecha, akachanganya na tui zito, sukari yetu ya kahawia, hamira, iliki na vanila. Kisha aliufunika na kitambaa, na hapo hakuna aliyeruhusiwa kuugusa, hata kuupuliza. Ukishaumuka, aliumimina polepole kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, akafunika bati juu, na juu ya bati akapanga makaa. Chini aliacha vipande vitatu vinne tu, vya kupasha.

"Angalia," aliniambia, jasho likimdondoka kidevuni. "Mkate unaiva kwa moto wa juu. Moto wa chini ni wa kuusindikiza tu. Ukizidisha chini, umeharibu."

Shangazi hakuingia kibandani hata siku moja. Moshi ulimkera, na nywele zake alikuwa amezinyoosha kwa ajili ya misa.

Mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, mezani palikuwa na tawi la mvinje lililopambwa kwa pamba, ati theluji, na wageni kumi au zaidi kutoka kanisani wakijipepea na vifuniko vya maboksi. Shangazi alitoka na mkate kwenye sinia, umepanda, rangi ya asali, unanukia hadi barabarani. Wageni wakapiga makofi.

"Nimehangaika nao tangu alfajiri," alisema. "Ni mapishi niliyofundishwa na masista wa Kifaransa."

Nilimtazama baba. Baba alitazama pamba.

Nilikimbilia kibandani. Mama alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, anakula wali kwenye ile sahani ya bati. Shangazi akaja nyuma yangu. Alisimama mlangoni, miguu yake nje ya moshi, akanyoosha mkono na kipande chembamba cha mkate, akakiweka juu ya wali wa mama.

"Onja, wifi. Uone mwaka huu nilivyobahatika."

Mama akaonja. "Mtamu, wifi," alisema. "Mikono yako ina baraka."

Wallahi, kama ningekuwa na nguvu ya kubeba ile sufuria yenye makaa siku ile, nisingekuwa hapa naandika.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza mama, shangazi alipoondoka.

"Nimwambie nani?"

"Baba."

"Baba yako ana dada mmoja tu." Akakisukuma kile kipande ukingoni mwa sahani. "Kula wewe. Mimi nimeshiba harufu."

Siku tuliyofunga safari niliiweka sahani chini ya nguo zangu. Nilidhani mwaka ujao shangazi hatakuwa na kitu cha kumpakulia mama jikoni, na atalazimika kumweka mezani. Ndiyo akili ya mtoto. Mwaka uliofuata alimpakulia kwenye kifuniko cha sufuria.

Baba alikufa nikiwa karibu kumaliza sekondari, na safari zetu za Desemba zikakoma naye. Mwaka wa pili ikaja barua ya shangazi. Pole zilijaza mistari miwili. Iliyobaki ilikuwa ya mkate. Watu wa kanisani wanauliza, padri anauliza, yeye alijaribu na ukatoka kama ugali. Wifi yangu mpenzi, naomba uniandikie.

Macho ya mama yalikuwa yameanza kufifia kwa ugonjwa wa sukari, na tulicheka wote wawili kwamba sukari imemfuata hadi mwilini. Mimi ndiye niliyekuwa mkono wake wa kuandika. Akanitajia mapishi yote, hakuficha hata punje ya iliki. Alieleza saa za kuroweka, alieleza tui la kwanza na la pili. Alipofika kwenye makaa, alisema moto mwingi juu, kidogo chini.

Niliandika: moto mwingi chini, juu makaa mawili matatu tu.

"Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Mwandikie pia kwamba nampa kwa moyo mweupe."

Hilo nililiandika kama alivyosema. Akatia sahihi pale nilipomwelekezea kidole. Usiku nilikaa kitandani nikimwona shangazi mbele ya wageni wake, anafunua sufuria: chini mkaa, juu uji. Nilicheka hadi machozi. Mama alikufa mwaka uliofuata, na mimi nikaondoka Nosy Be.

Nimezunguka sana. Moroni kwa ndugu za mama, kisha Mombasa nikiuza vitambaa, kisha Unguja, na lugha hii ninayoandikia niliipata huko, juu ya Kingazidja cha mama. Popote nilipokaa, ikifika Desemba nililiwaza lile jiko, kama mtu anayerudi kuchungulia sufuria. Nilijilisha picha ile ya mkate ulioungua kwa miaka ishirini. Mpaka siku moja sikuiamini tena bila kuiona. Nilikuwa nimevuka arobaini. Nilipanda ndege hadi Moroni, kisha meli hadi Mahajanga, nikafika Tsaramandroso siku mbili kabla ya Krismasi, na sahani kwenye mkoba.

Shangazi alikuwa mzee, mfupi kuliko nilivyomwacha, lakini ulimi ulikuwa uleule.

"Umekonda. Unguja hawali?"

"Wanakula, shangazi. Tena mezani."

Hakusikia, au alijifanya.

Siku yenyewe wageni walijaa, wengine watoto wa wale wa zamani. Tawi la mvinje na pamba vilikuwepo. Shangazi akatoka na mkate wake ungali sufuriani. Nikainuka kwenye kiti nione vizuri. Juu ulikuwa mweupe, umenywea katikati. Akaupindua kwenye sinia, na chini ulikuwa mweusi tii. Nikashusha pumzi niliyoishikilia miaka ishirini.

Na watu wakashangilia.

"Ukoko! Mimi ukoko!" mzee mmoja alipiga kelele, anasukumana na wajukuu zake. Wakaukwangua chini ule weusi kwa visu, wakagombania vipande, wakautafuna kwa sauti. Nilisahau nilikuwa kwa watu gani. Mji mzima huu unamwagia maji ukoko wa wali na kuyanywa kila siku juu ya chakula. Mimi niliwaunguzia mkate nikidhani ninamwadhibu mtu, kumbe nilimpa sifa ambayo hata mama hakuwa nayo. Watu walikuja kutoka mitaa mingine kwa ajili ya ukoko wa shangazi.

"Masista walijua mambo," mzee alisema, mdomo mweusi.

Kesho yake nilinunua mchele na nazi, nikaroweka mchele usiku. Asubuhi sikwenda kibandani. Niliweka jiko la makaa uani mbele, karibu na lango, kila apitaye aone. Shangazi aliketi barazani kunitazama. Nilipopanga makaa juu ya bati, akakunja uso.

"Unakosea. Moto unakaa chini."

"Tutaona, shangazi."

Mchana ule wageni walewale walirudi kumalizia vyakula. Nikaweka mkate mezani, rangi ya asali, umepanda kama wa kale. Wakala. Yule mzee akalamba vidole.

"Mtamu sana, binti. Lakini hauna ukoko. Wa shangazi yako unaushinda huu."

Wakacheka. Shangazi akacheka kuliko wote, anajipepea. Ndipo niliposimama.

"Ukoko ni wangu," nikasema. "Na mkate ni wa mama yangu. Hapakuwa na masista. Mama aliuoka kibandani hapo nyuma, kila Krismasi, nanyi mkaula huku yeye akila peke yake kwenye moshi. Shangazi aliandika barua kuomba mapishi. Mama alimpa yote. Mimi ndiye niliyeandika, na nikageuza moto makusudi, ili uungue. Hata kosa mnalolisifu si lake."

Shangazi aliweka chini upepeo wake.

"Makusudi?"

"Makusudi."

"Kwenye barua ya mama yako? Yenye sahihi yake?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilimlaani kwa ile barua, mwanangu. Mkate wa kwanza ulipoungua nilisema, kumbe yule mwanamke alinichukia siku zote. Nikaona afadhali, basi tuko sawa."

Hilo sikulitarajia. Mama alikufa akiwa amempa kwa moyo mweupe, nami nilimfanya mwongo kaburini. Sitasema halikuniuma. Lakini sikukaa chini. Nilitoa sahani mkobani, nikaweka juu yake kipande chembamba cha mkate, cha mwisho, nikakipeleka mbele ya shangazi.

Aliitambua. Akaugusa ukingo wa buluu, akaweka kidole kwenye doa jeusi.

"Hii ilipotea."

"Haikupotea. Onja, shangazi. Uone nilivyobahatika."

Macho yake yalijaa, nami nikamsubiri kama yeye alivyosimama mlangoni siku ile. Akala kwa mkono, taratibu, hadi chembe. Wageni wote walikuwa wakimtazama.

"Ni wake," alisema hatimaye, si kwangu bali kwao. "Ni wa wifi yangu. Ndivyo ulivyokuwa."

Hakuna aliyepiga makofi. Yule mzee alivua kofia yake, akaishika magotini.

Asubuhi ya kuondoka shangazi alinifuata hadi langoni. Aliniomba nimwandikie moto ulivyo kweli, na nikamwandikia, neno kwa neno, kama mama alivyosema. Kisha akaniomba nimwachie sahani.

Hiyo sikumwachia.