Mjusi Alipolala Chini

Walimwita Mjusi, na jina likamkaa. Wapiga picha wenzake pale mbele ya ofisi ya ndoa walichuchumaa, walibinua makalio, au walirudi kinyumenyume mpaka wakamkanyaga mama mkwe wa mtu. Yeye alilala kifudifudi, akainua kichwa, akafumba jicho la kushoto na kutoa ulimi pembeni. Maharusi walicheka wenyewe bila kuambiwa. Miaka kumi na mmoja watu walimcheka, na aliyecheka kuliko wote ni jirani yake wa kazi, fundi viatu, ambaye kila asubuhi alimtandikia kipande cha turubai asichafue shati.

Siku hiyo bibi harusi alisimama ngazi ya juu, Mjusi akalala chini. Mwanamke mwingine mwenye sketi akateremka katikati yao, na mumewe akaona mwanamume amelala, kamera imeelekea juu. Hakuuliza. Alimkanyaga mkono mpaka mfupa ukalia, kisha akapaza sauti kwamba huyu anawapiga picha wake za watu chini ya nguo. Basi, yakaisha. Waliokuja kuoana, waliokuja kushuhudia na waliokuwa wanapita zao wakamvamia kwa mateke, mikoba na miavuli, na nusu yao hawakujua wanampigia nini. Sijui binadamu huwa tunaitoa wapi nguvu hiyo. Mjusi alijikunja na kamera yake, kidole kikibonyeza ovyo kwa maumivu. Teke moja likaingia jicho la kulia, lile la kazi. Waliacha pale tu bibi harusi alipojitupa juu yake na gauni likalowa damu.

Hospitalini jicho liling'olewa. Fundi viatu alikuja kila siku, akamlisha uji kwa kijiko huku akiwalaani wanyama waliofanya vile. Askari alipotaka majina, dada yake Mjusi aliwasha kamera, akampitishia mgonjwa picha moja moja: visigino, pindo za suruali, soli. Katika picha ya mwisho kiatu cheusi kilikuwa kinakuja usoni, ubavuni kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Mjusi aliujua uzi ule. Akamwambia dada yake azime, na askari akaondoka na karatasi tupu.

Baada ya wiki sita alirudi kazini. Fundi alimkimbilia na turubai. Mjusi akalala kifudifudi mbele yake, sasa kamera ikiwa kwenye jicho la kushoto, akamwomba kwa upole atangulize mguu wa kulia. Fundi akautazama uzi mwekundu wa kiatu chake mwenyewe. Akaeleza kwamba watu walijaa, vurugu tupu, hakutambua ni nani aliyekuwa chini.

"Fundi," Mjusi alisema, kidevu kikiwa bado kwenye turubai, "mji huu mzima, nani mwingine analala hivi?"

Fundi akaurudisha mguu nyuma.

"Wote walikuwa wanapiga," akasema.

Mjusi akabonyeza.