Barua Niliyoipenyeza Ukutani

Wasomaji, nimebeba aibu hii wiki nzima, bora niitue kwenu. Mimi ni mtoto wa duka wa Katesh. Nilijifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia chumvi, na mwaka huu nimepokelewa shule ya Mbulu. Nikishindwa mtihani wa kwanza, narudi kupima chumvi.

Bweni lilikuwa limejaa, kwa hiyo wengine tulipangiwa vyumba katika nyumba za watu wa Endagikot, karibu na shule. Mimi nilipewa chumba kwa mama mmoja mjane. Kila alfajiri nilipofungua daftari, majirani wa nyuma ya ukuta wa fito walianza kukanyagakanyaga, kukohoa na kutafuna bila haya. Nikadhani ni wanafunzi wenzangu. Niligonga ukuta kwa heshima. Wakanyamaza kidogo, wakaendelea. Nikaandika barua, nikainakili mara nne mpaka mwandiko ukanyooka, nikaipenyeza kwenye ufa.

Jioni mwalimu alikuja kututazama. Kabla sijamaliza shikamoo, mama akatoka na karatasi iliyolowa mate.

"Mwalimu, nisomee. Nimeitoa mdomoni mwa ng'ombe wangu."

Mwalimu akasoma kwa sauti: "Ndugu wapendwa, nawasihi mtafune kwa adabu, maana wengine tunasoma."

Mama akanigeukia taratibu. "Mwanangu, kwenu Katesh ng'ombe wanalala wapi?"

"Nje, mama."

"Pole. Hapa tunalala nao ndani."

"Ngoja, mama, haijaisha," mwalimu akasema, akiisogeza karatasi kwenye mwanga. "Hapa chini ameomba ajibiwe kwa maandishi."